Kisima cha Danieli

Jumatano jioni, kiangazi

Kumbe ndiyo sababu Danieli ana wanafunzi thelathini, nami nina watano!

Akida wa Wadachi, hao Wajerumani wanaotutawala, alipomsifu mbele ya watu, niliumia. Wiki nzima nimempigia Mungu magoti ambariki mwalimu mwenzangu, huku moyoni nikitamani darasa lake livunjike.

Leo nikaenda kijijini kwake kutafuta kosa. Watoto niliwakuta kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto, wakisoma kwa sauti, ng'ombe wao wakinywa kando. Mwalimu haonekani. Nikafurahi, aibu kusema.

"Karibu, ndugu yangu!" Sauti ilitoka shimoni. Danieli alikuwa humo, tope hadi kiunoni, akiwatekea maji ng'ombe ili watoto wanaowachunga wapate kusoma. Wanafunzi wangu, saa ya kunywesha ng'ombe ikifika, hunikimbia wote. "Shuka unipokee," akaniambia, "mgongo wangu umekwisha."

Nikavua kanzu, nikashuka. Humo humo nikamwambia yote, wivu wangu na sala zangu. Akacheka mpaka kibuyu cha kutekea kikamponyoka.

Ee Bwana, nilikuomba umbariki Danieli. Sikujua baraka yenyewe ni mgongo wangu. Unauma, nami nacheka peke yangu.