Sura ya Kujibu Mashtaka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijajua bado namna nyingine ya kuanza kusema nawe.

Juzi alikuja ofisini kwangu msichana anayesoma sheria, mwaka wa pili, amerudi kwao Kaloleni kwa likizo. Aliniuliza asome kitabu gani ili auelewe mwenendo wa kesi za jinai. Nikamtajia viwili vitatu, akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki na kalamu mkononi, macho dirishani, na kazi ya siku ile ikanipotea. Nilihisi nimemdanganya. Vitabu vile nilivisoma, ni kweli, lakini sivyo vilivyonifundisha. Ulinifundisha wewe, barazani kwetu Malindi, katika likizo ile ndefu ya mwanzo wa miaka ya themanini, nilipokuja nyumbani nimefeli.

Siku hizo naziona kama mtu anavyoliona jambo kupitia pazia jepesi. Rangi zipo, sauti zipo, kingo zake ndizo zimefifia.

Namkumbuka Mama akiishika ile barua ya chuo kwa ncha za vidole, kama inaungua. Karatasi moja tu, nikamwambia, nitaurudia mtihani kabla muhula haujaanza. Mama akalia hata hivyo. Wewe ulivua miwani, ukaifuta kwa upindo wa kanzu, ukaniuliza imekuwaje. Nikakueleza kwamba maktaba nzima ilikuwa na nakala tatu za kitabu cha mwenendo wa jinai, na darasa letu zima tulikuwa tukizigombania. Mtu alipewa saa mbili, kisha akanyang'anywa. Zamu yangu ilipofika nikafungua sura ya kujibu mashtaka, nikakuta haipo. Mwenzetu mmoja aliikata kwa wembe, kurasa zote, kwa unadhifu wa fundi cherehani. Na swali la kwanza la mtihani likatoka humo humo.

Nilidhani utakasirika. Ukacheka kidogo puani.

"Sura ya kujibu mashtaka?" ukasema. "Hiyo ninayo mimi. Naisikia kila siku ya kazi tangu hujazaliwa. Kesho tutoke pamoja."

Kwa wasiokujua, wewe ulikuwa mkalimani wa mahakama. Babu alishuka kutoka visiwa vya kaskazini akafungua duka Vitengeni, nawe ukakua ukicheza na watoto wa Kigiriama hadi lugha yao ikawa yako. Ndipo serikali ikakuweka pembeni ya kizimba, kati ya hakimu aliyesema Kiingereza na watu waliosema lugha za kwao. Ulikuwa na sauti nzito, isiyo na haraka, na watu walisema hata habari mbaya ikipita kinywani mwako hupungua ukali.

Basi tukawa tunatoka pamoja asubuhi, wewe mbele kidogo, mimi nyuma na buibui langu likipepea. Upepo ulikuja na harufu ya mwani na ya mahamri ya jirani, na jua lilikuwa bado changa, likigusa kuta za chokaa bila kuzichoma. Hukunifundisha neno njiani. Ulitembea kama mtu anayezitayarisha lugha zake tatu, kila moja mahali pake. Mahakamani nilikaa benchi la nyuma na daftari. Pangaboi lilizunguka polepole juu yetu, likilia kila likimaliza mzunguko, na mara nyingine nilikuwa nasikia sauti yako tu, ikienda na kurudi, kama ya mtu anayesukuma bembea.

Alasiri ndiyo ilikuwa darasa. Ulichukua daftari la shule ukalipiga mistari, safu nne. Ya kwanza neno la sheria kwa Kiingereza, ya pili kwa Kiswahili, ya tatu kwa Kigiriama. Ya nne uliiandikia juu yake, "Jinsi watu wanavyosema." Hiyo ya nne ndiyo iliyojaa upesi. Mbele ya neno la kusudi uliandika maneno ya mvuvi wa Sabaki, aliyeulizwa kama alimkata mwenzake makusudi akajibu, "Mkono ulitaka, mimi sikutaka." Ulikaa na sentensi ile muda mrefu, Baba. Uliniambia siku ile mahakamani uliitafsiri neno kwa neno, na hakimu akaweka kalamu chini kufikiri.

"Mtu ameshtakiwa kupiga," uliniuliza. "Anasomewa mashtaka kwa lugha anayoijua. Anajibu, 'Ni kweli nilimpiga, alikuwa amenijia na panga.' Je, amekubali?"

"Amekubali," nikasema.

"Amekubali kupiga. Kosa hajalikubali. Hapo hakimu anatakiwa kuandika kwamba amekana, kesi isikilizwe. Sasa nikimpa hakimu nusu ya mwanzo tu, nikaacha panga, nimefanya nini?"

"Umemfunga."

"Nimemfunga mimi. Si hakimu, si polisi." Ukanywa maji. "Andika."

Niliandika. Kila alasiri niliandika, na ile sura iliyokatwa ikarudi kidogo kidogo, ikiwa na majina ya mashamba na vijiji ndani yake.

Kisha ikaja siku ya Kadzo.

Alikuwa mjane wa Vitengeni, mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani hadi karibu na nyusi. Alishtakiwa kuiba mbuzi zizini kwa shemeji yake, na wizi wa mifugo zama zile haukuwa jambo la kuchezea. Mtu alikwenda jela miaka. Watu walijaa siku hiyo mpaka mlangoni. Hakimu alikuwa akitazama saa. Ulimsomea Kadzo mashtaka kwa Kigiriama, naye akajibu kwa sauti ndogo, akiangalia mikono yake. "Ni jeri," akasema, ni kweli, kisha akaendelea kwamba alimtwaa, alimfuata mbuzi wake aliyezuiwa kwa shemeji. Hakimu akagonga meza kwa kalamu. Nawe ukageuka ukamwambia kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa anasema ni kweli, alimtwaa.

Ukaishia hapo.

Mimi Kigiriama changu kilikuwa cha likizo za utotoni dukani kwa Babu, lakini neno "wangu" nililijua. Nililisikia. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, Kadzo akatikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo, alimtoa zizini. Ni kweli alimtoa. Akatiwa hatiani. Adhabu ikaahirishwa wiki mbili kungoja ripoti kuhusu hali yake, akarudishwa mahabusu. Mimi nikaandika daftarini alivyojibu, yote, nikaingoja alasiri.

Ningaliweza kukwambia njiani, tukiwa wawili. Hili ndilo linalonirudia. Tulitembea pamoja toka mahakamani hadi nyumbani, na nikanyamaza. Nilisubiri mpaka akaja rafiki yako Mwalimu Athmani kunywa kahawa, maana yeye tangu nirudi hakuacha kunichokoza.

"Haya, binti wa chuo kikuu," akaanza siku ile kama kawaida yake. "Karatasi moja imekushinda, zikija kumi je?"

Nikafungua daftari. Nikasoma kwa sauti, mbele yake na mbele ya Mama, kwamba mtu akichukua kitu akiamini kwa moyo safi kwamba ni chake, huo si wizi. Kisha nikasoma jibu la Kadzo. Kisha jibu ulilompa hakimu. Nikayaweka pamoja kama muuzaji anavyoweka samaki wawili ili mnunuzi alinganishe.

Mwalimu Athmani alikitua kikombe. Mama akasema, "Esha!" kwa ukali ambao sijausikia tena.

Uso wako ulitulia hata nikaogopa. Halafu ukanyoosha mkono, nikakupa daftari, ukasoma mwenyewe mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Alisema 'wangu'?" ukaniuliza.

"Alisema, Baba."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Ukarudisha daftari. "Nilikuwa nimechoka," ukasema, "na hakimu alikuwa na haraka." Kisha ukatikisa kichwa. "La. Huo si udhuru wa kumpa mtu." Ukaondoka kwenda kutawadha, ingawa adhana ilikuwa mbali.

Asubuhi yake ulivaa koti lako la kijivu juu ya kanzu, lile la Idi. Hatukungoja mahakama ifunguliwe. Ulikwenda moja kwa moja hadi mlango wa chemba ya hakimu. Mimi nikataka kuingia nawe. Ukanionyesha benchi.

"Kaa hapa, mama. Hili langu."

Nilikaa. Ndani nilisikia sauti yako, kisha kimya, kisha sauti yako tena. Karani alipiga taipu chumba cha pili bila kujua kitu. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya kijani hadi nusu, na nilihesabu nyufa zake, nikapotea, nikaanza upya. Ulipotoka, koti lilikuwa limelowa mgongoni.

"Amesemaje?"

"Ameita faili. Mama yule atasomewa upya, na mkalimani mwingine."

"Na wewe?"

"Mimi nimesema kweli. Mengine ni yao."

Mengine yalikuja upesi. Kadzo alisomewa tena, akasema yote aliyokuwa ameyasema mwanzo, ikaandikwa kwamba amekana. Wewe ulitolewa pembeni ya kizimba, ukapelekwa masjala kutunza mafaili mpaka jambo lako liangaliwe. Liliangaliwa, wakaona hukukusudia, hawakukufukuza. Lakini kizimbani hawakukurudisha. Miaka yote iliyobaki hadi ulipostaafu, ulikaa kwenye chumba kile chenye dirisha moja, ukifunga mafaili kwa utepe.

Mimi nilirudi Nairobi na daftari. Nikafanya mtihani, nikaandika juu ya kujibu mashtaka mpaka karatasi ikaniishia, nikaomba nyingine. Wenzangu wakaliona lile daftari. Wakaliazima, wakalinakili kwa mkono, wa Kisumu akaongeza safu ya Kijaluo, wa Nyeri ya Kikuyu. Mwaka uliofuata nilimkuta kijana nisiyemjua akisoma maktabani maneno ya mvuvi wa Sabaki, na hakujua yalitoka wapi. Nilikuandikia kukwambia. Ukanijibu kwa mistari mitatu: "Kadzo ameachiliwa. Shemeji amekiri kwamba mbuzi yule alizaliwa na mbuzi jike ambaye marehemu mume alimpa Kadzo. Soma, mwanangu."

Baba, nilipokuja likizo nilikutembelea masjala. Ulikuwa na vumbi kwenye nyusi. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kukuomba radhi tangu basi lilipovuka Mtwapa, na yote yakanikauka. Wewe ukanivutia kiti. "Karibu," ukasema. "Huku hakuna anayenikatiza." Tukacheka, na kwa kucheka kule nikapata njia ya kutosema. Nikaitumia njia hiyo kila likizo, kila Idi, hata ulipolala hospitalini na mimi nimeshakuwa wakili. Sasa umelala Malindi na mimi nina maneno yangu.

Nayasema basi. Siku ile sikumsemea Kadzo. Ningemsemea Kadzo, ningekwambia njiani, kwa adabu, nawe ungekwenda kwa hakimu vilevile. Nilimsema baba yangu mbele ya mgeni ili Mwalimu Athmani aone kwamba nimesoma. Jambo lilikuwa la haki, na moyo wangu haukuwamo katika haki yake. Watu wamenisifu kwa kisa hicho. Nimewaacha wanisifu. Na miaka yote nimeamini kwamba mimi ndiye niliyekunyamazisha.

Mwezi uliopita nilikwenda mahakamani kwenu kwa kesi ya mteja, nikafika mapema. Mkalimani wa sasa, bwana mmoja mpole aitwaye Karisa, alinitambua kwa uso wako. Tukakaa. Akaniambia jambo ambalo hukuniambia kamwe. Kwamba kila Jumatatu, kabla ya hakimu kuingia, ulikuwa ukitoka masjala na kwenda upenuni, wanakongoja watu wenye kesi na jamaa zao, ukakaa nao chini, ukawaeleza kwa Kigiriama: utasomewa hivi, utaulizwa hivi, sema yote uliyonayo moyoni, usikimbizwe, ukikatizwa rudia. Hakuna aliyekutuma. Karisa mwenyewe alianza kazi akiwa hajui kitu, na wewe ndiwe uliyemfundisha, kwa safu nne.

Nikamuuliza kama uliwahi kumweleza kwa nini ulitolewa kizimbani.

"Ah, kila wiki!" akasema. "Tukanyweshwa kisa kile hadi tukakichoka. 'Binti yangu alinisahihisha mbele ya watu,' anatwambia. 'Yuko mwaka wa pili tu, na akanisahihisha.' Halafu anatutazama mmoja mmoja, aone kama tumesikia vizuri."

Mungu akulaze pema, Baba, akupanulie ulipo. Nisamehe lile nililolichelewesha.

Bintiyo,
Mwanaesha