Twiga wa Barabara ya Kotile

Jumanne. Joto la leo limewafanya hata mbuzi wakose hamu ya kugombana. Mimi nami sina hamu ya kujisifu, na anayenijua anajua huo kwangu ni ugonjwa.

Nimeshinda kwa fundi wa kuchomelea hapa Waberi, mjini Garissa. Tumeng'oa kiti cha mbele cha abiria ili sakafu ya gari iliyoliwa na kutu itiwe bati jipya. Kung'oa ni neno kubwa. Bolti za nyuma hazikutaka hata spana. Nilizishika kwa vidole, zikatoka na kutu yake kama jino bovu. Fundi, mtu wa Mwingi asiyeogopa mvi za mtu, akainama, akaona mchanga wa nje kupitia tundu.

"Mzee, hii kiti ilikuwa imeshikwa na nini?"

"Na Mungu."

"Basi alichoka kushika. Na huyo twiga wako, alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nikaanza kuokota bolti.

Twiga huyo nusu ya Garissa inamjua. Wiki tatu zilizopita nilikuwa namleta dada yangu mkubwa, Halima, kutoka Kotile aje arusini. Nilivyosimulia ni kwamba twiga dume alitokea barabarani, nikakata usukani, nikapita katikati ya miguu yake, na dereva mwingine angezikwa palepale. Kiti kikang'oka upande mmoja na Halima juu yake, nyonga ikavunjika. Watu walinipa pole na chai. Kila nilipokisimulia kisa, twiga alirefuka.

Hakukuwa na twiga.

Kulikuwa na tuta dogo, nikalivaa kwa mbio huku nikipiga domo.

Na sakafu haikuozeshwa na mafuriko, kama nilivyodai. Ni mkojo wa mbuzi. Miaka mingi nimewabeba nyuma kutoka mnada wa Griftu, na kila nikifunga breki mkojo unateremka mbele, chini ya kile kiti. Kabla ya Ramadhani nilikanyaga pale, mguu ukazama. Nikatandika mkeka, juu yake zulia. Niliona aibu gari la mtu kama mimi lionekane limetoboka.

Alasiri nikaenda kwa Halima. Amelala chali. Daktari amesema akitembea tena, ni kwa magongo. Nikasubiri wageni watoke, nikaanza, "Walaal, dada yangu, yule twiga..."

"Nilikuwa macho," akasema. "Watoto nimewaambia nilimwona. Wana abti mmoja tu, mjomba wao wewe, sikutaka wamchukie."

Akavuta shuka kifuani. "Ulijua sakafu imeoza tangu lini?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Niliwahi kumweleza askari wa kizuizi cha barabarani jinsi simba alivyolala kwenye buti ya gari langu, akanipigia saluti. Kwa Halima nilipata maneno manne.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Akageuza uso ukutani. Uso tu. Mwili haugeuki.

Wapwa wangu, najua mnasoma ukurasa huu, mnapenda hadithi za abti yenu. Mama yenu, mtu wa swala tano, amesema uongo kwa ajili yangu, na sitaki aubebe pamoja na hiyo nyonga. Mkitaka kunichukia, sababu mnayo.

Kesho fundi atakaza kiti. Nani atakikalia?

Natuma sasa hivi, kabla twiga hajarudi.