Karatasi Hufuata Gari

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu na watoto, na lori nalo liwe halijambo. Sisi huku tu wazima. Mama yuko kwangu tangu mwezi uliopita, analala chumba cha mbele kinachopata jua la asubuhi, na hamu ya kula imemrudia. Ningekueleza haya kwa simu, lakini simu yako siku hizi inaita mpaka inachoka yenyewe, na nikimpigia wifi anasema umetoka sasa hivi. Kutoka gani huko kusiko na kurudi? Basi nimeona niandike. Barua huwezi kuikata katikati ya maneno.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiicheka kazi yangu ya masjala. Ulisema nimesomeshwa ili nije kubandika vibandiko kwenye majalada. Mwaka huu ungenicheka zaidi. Ofisi ililetewa programu ya kompyuta ya kutunzia kumbukumbu, sisi tunaiita mfumo, nami nikapewa kazi ya kuingiza humo makaratasi yote ya mazingira yaliyorundikana katika chumba kile chenye harufu ya panya, na kuyapanga kwenye folda, kila mradi na folda yake. Unaipitisha karatasi kwenye skana, unaandika tarehe na mahali, kisha mfumo unakuuliza ni ya mradi gani. Jibu ni moja tu. Ukitaja miradi miwili unakataa katakata. Una wivu mfumo ule, karatasi haiwi ya wawili.

Nilikuwa katikati ya kazi hiyo ulipopiga simu. Uliniambia wakazi wa mtaa wetu wamelishtaki kiwanda cha ngozi mbele ya baraza la mazingira kwa kumwaga maji machafu kwenye kijito cha nyuma ya kwetu, na kwamba wewe ndiye uliyesimama kwa niaba yao. Ukaniambia mikono ya mama imechubuka mpaka viwiko kwa kumwagilia mboga zake maji yale. Ukasema bila vipimo vya maji mtaonekana wapiga domo tu, na vipimo viko ofisini kwetu, na ofisini kwetu unaye mimi. Ulilia, kaka. Sijakusikia ukilia tangu tumzike baba. Nilikuahidi kwamba kama vipimo vipo, vitapatikana.

Nilitafuta kwenye folda za maji, nikaambulia patupu. Kwa mujibu wa mfumo, kijito chetu hakijawahi kupimwa. Nikamfuata mpima maji, mtu mzima aliyebakiza muda mfupi astaafu, naye akacheka cheko la uchungu. Akanikumbusha kwamba kitengo cha maji hakikuwa na gari miaka yote ile, kwa hiyo alikuwa akidandia gari la mradi wa kupanda miti. Na ofisini kwetu kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika ila kila mtu anaifuata: karatasi hufuata gari. Mradi uliotoa mafuta ndio unaochukua ripoti ya safari, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya jambo jingine. Basi vipimo vya kijito chetu, vyote, viliwekwa pamoja na hesabu za mikaratusi. Kwenye kumbukumbu za ofisi yetu, maji anayomwagilia mama yalikuwa miche.

Na mradi ule wa miti ulikwisha fungwa. Nilikwenda kwa mkuu wetu, huyu tunayemwita Bwana Taratibu akiwa hayupo, nikamwomba folda ifunguliwe nitoe vipimo na kuviweka panapostahili. Akanijibu kwa upole, maana huyu bwana huwapandishia sauti madereva tu. Akasema ripoti ya mwisho imekwenda kwa wafadhili, mradi umefaulu, na folda ya mradi uliofaulu haichokonolewi. Nikamwambia basi tukifungulie kijito folda yake. Akaniuliza kijito kina mradi? Nikasema hakina. Akasema kisicho na mradi hakina folda, akarudi kwenye chai yake.

Hapo, kaka, ndipo ningeweza kukupigia simu nikakwambia imeshindikana. Ungelaumu ofisi, mimi ningebaki kwenye kiti changu. Lakini nilijifunga kibwebwe. Karatasi zenyewe zilikuwa bado masandukuni. Wenzangu wakitoka kwenda kula mchana, mimi nabaki na skana, napitisha kipimo kimoja baada ya kingine. Nilifungua folda mpya ya mradi ambao haupo duniani, nikaipa jina la kijito chetu, na palipotaka jina la msimamizi wa mradi nikaandika langu. Mpima maji alinionya kwamba natia kitumbua changu mchanga. Nikamwambia ni mama yangu yule, si jirani.

Siku ya baraza nilipangiwa kukaa mbele na kuendesha kompyuta iliyokuwa ikionyesha kurasa ukutani. Ukumbi ulijaa. Wanawake wa mtaa wetu walikaa safu za nyuma, viganja vimefunikwa kwa khanga, na wakili wa kiwanda alikaa peke yake akiwa na chupa ya maji ya dukani. Nikasema moyoni, huyu anajua asinywe nini. Mwenyekiti alipouliza kama kuna kumbukumbu yoyote ya kijito kile, Bwana Taratibu aliinuka kujibu kwamba hakuna. Mimi nikaandika jina, folda ikafunguka ukutani, na vipimo vikashuka mwaka hadi mwaka, vikizidi kuwa vibaya kadiri kiwanda kilivyozidi kukua. Wakili aliacha kunywa. Bwana Taratibu alibaki amesimama, hajui akae au aendelee. Nikageuka kukutafuta kwenye viti ili unione. Sikukuona. Nikajua lori limekuharibikia njiani, nikakusikitikia, wallahi, nikasema maskini kaka yangu, siku kama hii.

Mwenyekiti alivisoma vipimo mpaka cha mwisho. Kisha akavua miwani.

"Binti, kazi yako nimeiona," akasema. "Lakini aliyeleta malalamiko haya alikuja kwangu jana akayaondoa. Amesema wakazi wameridhika. Kumbukumbu niliuliza ili nifunge jalada tu. Sina shauri la kusikiliza."

Nilidhani amekosea mtaa. Nikamwomba arudie, naye akarudia, na safari hii akakutaja kwa jina lako na la baba. Wale wanawake walifunga khanga zao wakatoka mmoja mmoja, na kila aliyenipita alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekutuma.

Jioni ile nilikuja kumchukua mama, na njia inapita kwenye geti la kiwanda. Lori lako lilikuwa ndani, linapakiwa tope la taka za ngozi. Dereva wako, ambaye hajawahi kujua lipi la kusema na lipi la kumeza, alinisalimia kwa bashasha, akaniambia neema imeshuka, tope lote la kiwanda sasa ni lenu kulibeba, kazi ya kila siku, na bosi mwenyewe ndiye aliyetiliana saini nao. Nikampongeza. Ningefanya nini? Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakusema ufanye nini ukimkuta ni kaka yako.

Mimi wamenihamisha. Kosa langu limeandikwa vizuri: kufungua folda bila mradi. Folda imefutwa, vipimo vimerudi kuwa miche, na mimi niko kwenye bustani ya miche ya ofisi, najaza udongo kwenye vifuko vya plastiki. Wenzangu wapya ni watu wema, wananifundisha nisijaze sana.

Nina hasira na wewe, kaka, na sitaizungusha. Hasira yangu si ya lori. Lori linalisha watoto wako, na najua lilivyokaa juu ya mawe kwa kukosa kazi miezi ile yote. Ungeniambia umechoka na kesi ningekutukana siku mbili, kisha ningenyamaza. Hasira yangu ni kwamba uliniacha nisimame mbele za watu nikitetea neno ulilokwisha kulitupa. Siku moja nzima ulikuwa nayo ya kunipigia. Ulijua niko wapi, ulijua ninafanya nini na kwa ajili ya nani. Mkono uleule uliosaini na kiwanda ulishindwa kubonyeza simu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nilipomkuta mama jioni ile alikuwa ameketi mlangoni akisubiri habari. Akaniuliza baraza limekwendaje na wewe umesema nini. Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na nilitaka sana kuutema. Nikamwambia ulisimama. Nikamwambia ulisema mpaka mwenyekiti akakuamuru ukae, ukakataa kukaa, na kwamba tumeshindwa kwa sababu wakili wao alikuwa mjanja. Nilimwambia kila kitu ambacho mimi nilikingoja kwako mle ukumbini. Mama alifurahi, kaka. Kwa kushindwa huko alifurahi kuliko nilivyomwona siku ya harusi yako. Hapa kwangu hakuna wa kumwambia vingine, na kila jirani anayepita kumjulia hali husimuliwa habari zako upya. Usidhani nilikufichia kwa kukuonea huruma. Mama ana mtoto mmoja tu wa kiume, na sikuwa na ubavu wa kumpokonya.

Msalimie wifi, na wanangu waambie shangazi anawakumbuka. Mikono ya mama inapona taratibu kwa dawa ya kupaka, mbali na maji yale. Macho yake hayasomi tena, lakini ameketi hapa kando yangu na anajua nakuandikia wewe. Amenishika bega nisikunje karatasi kabla hajaweka neno lake, na amenisisitizia niliandike kama lilivyo, nisipunguze. Anasema hivi:

"Mwambie mwanangu asione haya kwa kushindwa. Alisema kweli mbele ya watu, na baba yake angekuwepo angejivunia. Aje haraka nimpe radhi zangu nikiwa bado na nguvu."

Nimeandika kama alivyosema. Njoo uzipokee.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba