Ushuhuda wa Sabuni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa, na Mama bado anakuficha miwani ili upumzike. Nisalimie wote hapo nyumbani, hata kaka anayedai nilikuja huku kukwepa kuosha vyombo. Mwambie naosha kuliko zamani. Mimi mwili hauna neno. Ya moyoni utayakuta huko chini, na naomba ukifika hapo uwe umekaa.

Bado naishi na mwenzangu yule tunayemwita Kengele, kwa sababu huamka akiimba na hakuna wa kumzima. Chumba ni kile kile, juu ya duka la vioo: vitanda viwili, pasi moja, na sketi za kuhubiria tunazogombania kuzinyoosha kila asubuhi. Sheria ya misheni yetu unaijua, wawili wawili, hata sokoni huendi peke yako. Tunazunguka mitaani, tunabisha hodi, tunafungiwa milango. Mwanamke mmoja alituambia kupitia dirishani kwamba hayupo, tukacheka mpaka Kengele akakaa chini barabarani. Siku nyingine tunaimba na watoto wa mtaani hadi sauti zinakauka, na hapo, Baba, nisingebadilishana nafasi na mtu yeyote.

Katika kubisha hodi huko ndiko tulikompata Mama Mapacha. Mumewe ni mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, na wanaishi katika nyumba za wafanyakazi, nyuma ya ukuta wa kiwanda. Baba Mapacha kanisani haji, lakini hakuwahi kumkataza mkewe. Alikuwa akitusalimia vizuri, kisha anaendelea kufungua na kufunga redio yake isiyopona. Mama Mapacha aliokoka akiwa nasi, na tangu siku hiyo kila nililomwambia alilishika. Nikisema tuombe alfajiri, ananitangulia kuamka. Nilifurahi sana kuaminiwa hivyo. Sasa naona ningepaswa kuogopa.

Mwezi uliopita Kiongozi wetu alitangaza kwamba wageni wa makao makuu wanakuja, na kila wawili wapeleke mtu mwenye ushuhuda wenye nguvu. Nikamwandaa Mama Mapacha. Mwanzoni alisema tu kwamba Mungu amemsaidia nyumbani kwake. Nikamwambia ushuhuda wa namna hiyo hauamshi mtu, aeleze Mungu alimsaidia vipi, watu waone kwa macho. Akacheka kwa aibu, ndipo akaniambia habari ya sabuni. Kwa muda mrefu mumewe alikuwa akitoka kazini na vipande vya sabuni ndani ya soksi. Wanawe walikuwa wasafi kuliko watoto wote wa mtaa, na yeye hakuwa na raha. Akamwombea kimya kimya, bila kumsema. Jioni moja mume akaingia, akavua viatu, soksi tupu. Akamwambia hatachukua tena, na kweli hakuchukua tena.

Nilitokwa na machozi, Baba. Nikamwambia ndiyo hiyo, iseme yote, usibakize kitu. Kengele aliuliza kama mwenye soksi anajua kwamba atasemwa. Nikamjibu kwamba matendo ya Mungu hayafichwi. Akarudi kunyoosha sketi yake, na nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Jumapili ile Mama Mapacha alisimama akasema vizuri kuliko mhubiri. Alipofika kwenye soksi ukumbi mzima ulicheka, alipofika kwenye soksi tupu watu wakasimama kupiga makofi. Mimi nilikuwa mbele, nikiwaangalia wageni kuona kama wamependa. Ndipo macho yangu yalipoangukia benchi la tatu, alipokaa mhasibu wa kiwanda cha sabuni, muumini wetu wa siku nyingi. Alikuwa ameacha kupiga makofi. Mikono ameiweka magotini na anamtazama Mama Mapacha kama mtu anayepiga hesabu.

Jumatatu, kabla ya mchana, Baba Mapacha alifukuzwa kazi. Nyumba akaambiwa aiachie Jumamosi, na mwenye kiwanda akasema ashukuru hajapelekwa polisi. Jioni tulimkuta mlangoni kwetu. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliuliza taratibu ni nani kati yetu aliyemfundisha mke wake kusema. Nikasema ni mimi. Akanitazama toka kichwani hadi viatuni, akasema alikuwa ameacha, alikuwa ameshaacha, kisha akashuka ngazi.

Tulienda kwao kesho yake. Vyombo vilikuwa vimeshafungwa ndani ya mashuka, mapacha wamekaa juu ya mafurushi wakidhani ni mchezo. Mama Mapacha hakunilaumu. Aliniuliza sasa wafanye nini, akaningoja, maana kila alichoniuliza hadi siku ile nilikuwa na jibu.

Kiongozi alituambia tufunge na kuomba, tusikanyage tena nyumba ile, na kwamba waaminio lazima wapate mateso. Nilimjibu vibaya, Baba, nakiri. Nilimwambia haya si mateso ya imani, ni mdomo wetu. Tumemchukua mtu aliyetubu chumbani kwake tukamvua soksi mbele ya watu ili wageni wafurahi. Akasema nimechoka, atatuhamisha kituo.

Alhamisi nikaenda kiwandani. Kengele alinisindikiza hadi getini, akakaa na mlinzi. Alisema hatanizuia, ila hataki kusikia nitakayoyasema humo ndani.

Mwenye kiwanda alinipokea ofisini kwake, mhasibu akiwa pembeni na faili. Nikawaambia habari ya soksi niliitunga mimi. Nikasema sisi vijana wa misheni tunashindana kwa ushuhuda, kwamba ule wa kweli niliuona umepoa nikautia chumvi, na Mama Mapacha hajui kunikatalia. Mhasibu akauliza mbona stoo ilikuwa ikipungukiwa. Mwenye kiwanda akamkumbusha kwamba vipande hukatika kila siku, na upungufu haujawahi kuzidi kiasi kinachoruhusiwa kuharibika. Kisha akanigeukia. Mimi nilikuwa na Biblia yangu kwapani, kwa mazoea tu. Akaniambia niiweke mezani niapie.

Niliiweka. Nikaweka mkono juu yake, nikaapa. Sauti haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Siku ya pili Baba Mapacha aliitwa kazini na mafurushi yakafunguliwa. Hanisalimii, na simlaumu. Mama Mapacha alikuja kwetu na badala ya kufurahi akalia. Alisema lile ndilo jambo moja kubwa Mungu alilowahi kumtendea, yeye mwenyewe alilishuhudia kwa macho yake, na sasa kanisani watu wanamwangalia kama mwongo. Nilimpa mumewe kazi yake nikamnyang'anya yeye ushuhuda wake.

Habari za kiapo changu zimeshamfikia Kiongozi, ameziamini kuliko niliyomwambia mwanzo, na wiki ijayo atakupigia simu. Atakwambia kwamba binti yako huwatungia watu ushuhuda wa uongo, na kwamba narudishwa nyumbani. Ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa basi, iwahi. Baba, hilo sikulifanya. Ushuhuda ulikuwa kweli tupu. Nilichofanya ni kuapa uongo juu ya Biblia, na anayejua ni Kengele, watu wa nyumba ile, na sasa wewe. Nimepiga magoti kutubu. Kila nikianza, najikuta namshukuru Mungu kwamba mapacha wamelala ndani, natoka hapo sijatubu. Sijui mtu katika hali hiyo anaitwa nani, na wewe ndiye uliyenifundisha majina ya mambo haya.

Ningeweza kunyamaza nawe pia. Nilishindwa kuvumilia uamini kwamba niliuchezea ushuhuda wa mtu. Kwa udhaifu huo nimekutwisha mzigo, nisamehe. Maisha yako yote hukuwahi kusema uongo, na mimi sikuombi useme. Ila simu hiyo ikilia ukamweleza Kiongozi ukweli, mhasibu ataupata kabla ya Jumapili, na watu wale watatoka nje safari hii bila wa kuwarudisha. Ukinyamaza, utakuwa umeungana nami.

Mpe Mama salamu zangu, umwambie nguo zangu za zamani asizigawe. Kengele anakuamkia. Mungu akulinde, na mgongo usikuzidi.

Ni mimi,
kitindamimba wako.