Mtungi Uliofika Bila Kichwa

Jumanne, Kilosa

Nisamehe, daftari, wiki zimepita sijakushika. Mtoto akikohoa usiku kucha, nguvu ya kuandika naitoa wapi?

Leo nilikwenda Mikumi kupokea mtungi wa gesi aliotuma Baba Asha. Yuko kusini anachimba mtaro wa bomba la gesi, na huku mwanawe anavuta moshi wa kuni. Daktari alishasema moshi basi.

Kondakta wa basi alinishushia mtungi na jiko. Kichwa cha kufungia mpira kwenye mtungi je? Na mpira wenyewe?

"Dada, nilichopewa ndicho hicho."

Nimerudi na hasira. Mama mkwe akacheka, akaukalia mtungi, akaendelea kupuliza kuni. "Kigoda kizuri, mwanangu. Ila mimi sipikii bomu."

"Mama, nakuheshimu, lakini Asha haingii tena humu jikoni."

Na hiyo gesi ikiisha, nitajaza wapi? Hapa Kilosa sijaona duka la gesi...

Jioni Asha alikohoa kibarazani mpaka pumzi ikambana. Mama mkwe alitoka mbio, akampakata, akamsugua mgongo mpaka akavuta hewa. Alirudi jikoni, akaufuta mtungi kwa upindo wa khanga.

"Kumepungua nini? Nitampigia Baba Asha mimi mwenyewe, asisahau tena."

Nikamtajia: kichwa cha mtungi. Mpira mrefu, jiko likae mbali na mtungi, maana mama anaogopa. Vibano viwili vya kukazia mpira.

Kiberiti asihangaike, kipo.