Pale Njia ya Baiskeli Inapoishia

Winrose, uko? Baba nusura agongwe na lori. Palepale walipomgonga ndugu yangu Elphas. Palepale!

Si unajua ile njia ya baiskeli ya Lanet inavyokufikisha kwa makutano halafu inaisha tu, huku mtaro, huku malori yanakata kona?

Baba alikuwa amebeba mitungi ya maziwa kwa baiskeli, mimi namfuata kwa miguu. Alipofika hapo akaachilia mkono mmoja, akavua kofia. Kumbe tangu tumzike Elphas hufanya hivyo kila akipita! Baiskeli ikayumba, ikaingia mbele ya lori. Nikapiga nduru. Breki zikalia. Gurudumu lilisimama kando ya goti lake, Winrose. Kando ya goti!

Dereva akatoa kichwa: "Mzee, unataka kufa?"

Baba akamjibu polepole, "Mtoto wangu alifia hapa. Nisimsalimie?"

Dereva akazima injini.

Nimemwomba Baba awe anashuka kwanza. Akaniuliza, "Nishukie wapi, Jepleting? Mtaroni ama barabarani?"

Nimeangalia. Hakuna mahali. Na kesho asubuhi maziwa yanaenda tena.