Paka wa Alhamisi

2 Machi

Kwako Bi Mdogo,

Salamu zikukute hapo ulipo, wewe na mama yako. Mimi mzima, ila goti ndilo linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Wewe nasikia umenenepa. Kweli ujane una wenyewe.

Nisikuzungushe. Unamkumbuka mpangaji wa chumba cha uani, kwenye nyumba aliyotuachia Mzee? Yule karani mstaafu tuliyekuwa tunaambiwa yupo na hatujawahi kumwona? Tangu tumzike Mzee, huu mwezi wa tano, kufuli liko mlangoni na mtu hayupo. Juzi nikaenda na nyundo. Yule fundi cherehani wa chumba cha mbele alisimama pembeni yangu, midomo imejaa pini. Nikavunja. Ndani mna mkeka, birika na blanketi moja. Mtu kahama bila hata kwaheri, na kama shukrani katuachia paka watatu!

Wawili wa kijivu, na mmoja wa manjano mwenye sikio lililokatika. Huyo wa manjano ndiye mkubwa wao. Alilala dirishani akinitazama kana kwamba mimi ndiye nimeingia chumba cha watu. Fundi amekuwa akiwatupia mabaki muda wote huu na sasa amechoka.

Nimepata mpangaji mpya, mwalimu, mtu safi, na kasema wazi: ama yeye ama paka. Sasa Mzee alisema nyumba ni yetu sawa kwa sawa, kwa hiyo na paka ni wetu. Ila watatu hawagawanyiki kwa wawili. Basi wewe chukua wawili, mimi mmoja. Na usinune. Miaka kumi na miwili ulikaa na Mzee siku nne za wiki, mimi nikabaki na tatu, wala sikwenda kumshtaki kwa mtu. Aliyekula kingi abebe kingi.

Njoo kabla ya mwisho wa mwezi.

Mke mwenzio,
Bi Mkubwa


10 Machi

Kwa Dada, Bi Mkubwa,

Shikamoo. Pole na goti. Sijanenepa, ni gauni hilo. Alinishonea huyo huyo Fundi wako, akaacha nafasi ya watu wawili. Afya yangu nzuri, mama naye anakusalimia, ingawa nilimwambia si lazima.

Paka siwezi, Dada. Paka akipita tu nje ya dirisha napiga chafya mpaka majirani wanachoka kunipa pole. Mzee alilijua hilo. Wewe unawachukia tu, na kuchukia si ugonjwa.

Lakini hebu turudi nyuma. Siku nne? Siku nne zipi? Kwangu alikuwa anafika Jumatatu asubuhi, analala Jumatatu, Jumanne, Jumatano, basi. Alhamisi, chai haijapoa, ameshabeba kisanduku chake cha vifaa vya saa: "Naenda kwa mwenzio, zamu yake." Nasimama mlangoni mpaka apinde kona. Nikirudi ndani nahesabu vidole: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nne, za kwako! Miaka yote hiyo Alhamisi nilikuwa sipiki. Nakunywa maji na wivu, nalala.

Halafu leo unaniandikia mimi eti nilikula kingi! Siku nne ulipata wewe. Kitanda kikubwa ukapata wewe. Msibani ukakaa mbele wewe, mimi nikasukumwa huko kwenye viatu vya watu. Haya, na paka wapate wewe, wote watatu.

Mke mwenzio,
Bi Mdogo


19 Machi

Kwako Bi Mdogo,

Natumai wewe na mama hamjambo. Mimi mwili mzima. Roho usiiulize.

Barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaitukana. Nikasema, mwongo mkubwa huyu, hata maiti hamwogopi. Kwangu Mzee alikuwa anaingia Ijumaa mchana. Ijumaa! Alhamisi yote, kwa kinywa chake mwenyewe, "nilikuwa kwa mwenzio". Nimemlaani mtu kwa Alhamisi zile, na mtu huyo ni wewe.

Nikaiweka barua, nikaenda kukamata paka kwa gunia. Hebu fikiria nilivyokuwa: umri huu, goti hili, nakimbizana uani na Fundi ananitazama dirishani. Sikumpata hata mmoja. Mwishowe nikakaa kizingitini nahema, na sijui nini kilinituma, nikagonga ulimi mara tatu, ta, ta, ta. Unakumbuka? Ndivyo alivyokuwa anafanya Mzee akifika mlangoni, umfungulie. Bi Mdogo, wale paka walikuja mbio, wote watatu. Yule wa manjano akapanda mapajani pangu, akanitazama usoni, akaona siye, akashuka.

Nikaenda kulitafuta daftari la wapangaji. Chumba cha mbele, fundi cherehani. Cha kati, muuza mkaa. Cha uani hakuna karani. Mzee kaandika kwa mkono wake: Tulizo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yangu hakulijua. Tulizo ni mimi. Alinipa jina hilo mwaka wa kwanza wa ndoa, analitaja tukiwa wawili tu. Leo kumbe yuko mwanamke kapewa chumba changu, kapewa Alhamisi, kapewa na jina langu juu! Chini ya blanketi nimekuta kitana cha meno madogo. Nami miaka yote nakulilia wivu wewe, mtu wa watu.

Nijibu haraka. Alhamisi hakuwa kwako kweli? Apa.

Mke mwenzio,
Bi Mkubwa


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Hali zetu tutaulizana siku nyingine.

Naapa kwa kaburi la baba yangu, Alhamisi hakuwahi kulala kwangu hata moja.

Na Tulizo ni mimi. Aliniita hivyo siku aliyokuja kuniposa, na akaniita hivyo wiki yake ya mwisho hospitali, wewe ulipotoka kwenda kuchukua uji. Sijui kipi kinaniuma zaidi, kwamba jina lilikuwa lako kabla yangu, au kwamba yuko mwingine aliyepewa baada yangu. Miaka kumi na miwili navaa mtumba nikidhani ni nguo mpya!

Wa kubanwa ni Fundi. Ukuta wake na wa uani ni mmoja, hawezi kukosa kusikia. Tena ni mjane, anachekacheka hovyo, na Mzee alikuwa haishi kuusifu mshono wake. Nani ajuaye, labda ni yeye. Mbane mpaka ateme pini. Kama ni yeye niambie, nije nimrudishie gauni lake vipande vipande.

Leo mimi na wewe tuko upande mmoja. Kesho sijui.

Mke mwenzio,
Bi Mdogo


14 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Mama hajambo? Najua umeingoja barua hii mpaka umechoka. Wiki tatu ninayo mdomoni haitoki.

Si Fundi. Nilikwenda kwake mchana, nikamfungia mlango, nikakaa juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Nikamwambia leo hapashonwi kitu hapa mpaka uniambie Tulizo ni nani. Akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto chake. Akasema, "Mama, kumbe kweli hamkujua?" Nikamwambia ningejua ningekuwa nimekaa juu ya meza yako? Akaninyooshea kidole dirishani. Pale juu ya pipa, yule wa manjano, mwenye sikio lililokatika.

Hakuna karani. Hakuna mwanamke. Hakujawahi kuwa na mpangaji. Chumba cha uani kilikuwa cha Mzee mwenyewe.

Kila Alhamisi alikuwa anafika na vichwa vya samaki kwenye gazeti. Anavua viatu. Anawachana paka kwa kile kitana, anawasimulia saa alizotengeneza wiki hiyo, hii ya nani, ile imekufa kwa sababu gani, na anacheka. Fundi anasema alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Kwangu hakucheka hivyo hata siku moja, kwako je? Jioni analala hapo mkekani, Tulizo kifuani pake, mpaka kesho yake. Siku moja Fundi akamtania, "Mzee, una wake wawili, nawe unakuja kulala na paka?" Akamjibu, "Hawa hawaniulizi nimetoka wapi."

Nikamwuliza Fundi, na wewe ukanyamaza miaka yote hiyo? Akasema, "Mama, nawashonea ninyi wote wawili. Fundi wa wake wenza akianza kubeba maneno, atakufa na njaa."

Heri angekuwa mwanamke, mdogo wangu. Mwanamke ningemfuata kwake, ningemwambia maneno yake, ningerudi nyumbani nimepoa. Paka nitamwambia nini? Hakuoga, hakujipamba, hakupika, na kanishinda. Kila Ijumaa, Mzee hata kofia hajavua, neno langu la kwanza lilikuwa "Huko mlikula nini?" na la pili "Hilo shati kakufulia nani?" Hata maji sijampa. Sasa najua kwa nini alikuwa anasimama pale mlangoni kwanza, kabla ya kugonga ulimi.

Siwezi kumtazama yule mnyama. Mwalimu nimemwomba avumilie kidogo. Yuko mtu wa ghala la nafaka anataka paka wa kumkamatia panya, nitampa wote watatu mwisho wa mwezi. Yaishe.

Dada yako,
Bi Mkubwa


25 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nakuuliza kwa sababu jana nililiona, umelinyoosha juu ya mkeka.

Ndiyo, jana nilikuja. Acha nikueleze yote, na ya aibu humo humo. Nilikuja na boksi lililotobolewa matundu, bila kukuarifu, nimwibe Tulizo. Niliposoma kwamba unampeleka ghalani moyo uliniruka. Nikasema, Dada ana kitanda, ana picha za ujana wake na Mzee, mimi nina nini? Acha nimchukue huyo aliyelala kifuani pake. Chafya nitazizoea, wangapi wanaishi na pumu.

Nilipofika Fundi akanifanyia ishara kwa macho: kuna mtu. Nikaona kandambili zako mlangoni pa chumba cha uani. Nikasimama nyuma ya ukuta nimebana pua kwa vidole viwili, nikachungulia, na nikakusikia.

Ulikuwa unamchana. Ulikuwa unamwambia kwamba tangu Mzee afe unalala upande wa ukutani, na upande wake unaweka nguo zilizokunjwa ili pasionekane patupu. Halafu ukamwambia, "Nilikuwa namuuliza kwa sababu nilikuwa naogopa hatarudi."

Unajua kilichonishika hapo, Dada? Ungedhani huruma. Wivu! Nikaona, huyu hata hapa kanitangulia. Hata paka kamkubali yeye kwanza. Nusura nigonge mlango nikunyang'anye.

Nikaondoka na boksi langu tupu. Kwenye basi ndipo maneno yako yaliponiingia, nikalia mpaka aliyekaa nami akaniuliza nani kafa. Kwa sababu mimi nilikuwa namuuliza kila Jumatatu. "Leo unanuka sabuni ya nani?" Mlangoni, mkoba bado uko begani kwake. Na mimi nilikuwa naogopa hilo hilo uliloogopa wewe. Wanawake wawili, kila mmoja anaogopa kwake, na wanayeogopa kumpoteza anakimbilia kwa paka! Naye pia simsamehi, usidhani. Mtu mzima na mvi zake anajificha uani badala ya kutuambia nyamazeni, nimechoka. Angesema. Labda tusingemsikia, lakini angesema.

Sasa sikia. Mwalimu mwambie atafute chumba kwingine. Nusu ya nyumba ni yangu, na nusu yangu nimeichagua: ni chumba cha uani, na hakipangishwi. Mtu wa ghala naye anunue mitego.

Alhamisi ijayo nakuja tena, mchana, na safari hii nitabisha hodi. Ukisikia mtu anapiga chafya mlangoni ni mimi. Kama utakuwa unalia, usihangaike kujifuta kwa ajili yangu. Nifungulie tu.

Mdogo wako